Nyota Kongwe na Umri wa Ulimwengu

Mtu akikwambieni kuwa mtoto ana umri mkubwa kuliko mama yake aliyemzaa, bila shaka mtamcheka. Lakini tuseme kesi kama hiyo imeletwa mbele ya kadhi. Mashahidi wawili waaminifu wamesimama mbele yake. Mmoja athibitisha umri wa mama, wa pili athibitisha umri wa mtoto, na hesabu zao zapingana. Kadhi mwenye hekima hatakimbilia kumwita mmoja wao mwongo. Atamwuliza kila mmoja: Umejuaje? Umehesabu kwa kipimo gani? Na kipimo hicho ulikipata wapi?

Kesi ya namna hii ilitokea mara mbili katika elimu ya falaki katika karne ya 20. Mama katika kesi hiyo ni ulimwengu wote, na mtoto, mara ya kwanza, alikuwa ardhi hii tuikaayo. Mara ya pili alikuwa nyota kongwe zilizokusanyika katika vichala kandokando ya kundi letu la nyota. Hesabu zilipingana, na wengi wakaona haya kuzitaja mbele ya watu. Makala haya yataka kueleza vichala hivyo ni nini, umri wake hujulikanaje, na ile kesi ilikatwa namna gani. Kwani ndani yake mna faida kwa kila kijana apendaye elimu.

Kichala cha nyota ni nini?

Jua letu ni nyota moja kati ya nyota zaidi ya bilioni mia moja (na bilioni ni milioni elfu moja) zilizokusanyika pamoja katika kundi kubwa sana. Kundi hilo wanafalaki huliita galaksi, na sisi kwa kuwa tumo ndani yake twaliona kama utepe wa nuru hafifu uliokatiza mbingu usiku wa giza, nao huitwa Njia Nyeupe. Umbo lake ni kama sahani iliyo nene kidogo katikati, na upana wake ni kiasi cha miaka ya nuru 100,000. Yaani nuru, ambayo huzunguka ardhi yetu mara saba na zaidi kwa sekunde moja, yahitaji miaka laki moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili.

Nje ya sahani hiyo, juu yake na chini yake na pande zote, vimetawanyika vichala vya nyota vya mviringo kama tufe. Vinavyojulikana hivi leo ni zaidi ya 150. Kila kimoja kina nyota maelfu kwa maelfu, na vilivyo vikubwa vina nyota milioni kadhaa, zimesongamana katikati na kupungua kuelekea pembeni, zote zikishikana kwa nguvu ya mvutano wao wenyewe. Lau ardhi yetu ingalikuwa katikati ya kichala kimoja, tungaliona usiku maelfu ya nyota kali kuliko ile iliyo kali kuliko zote katika mbingu zetu, wala usiku usingalikuwa na giza.

Kilicho kikubwa kupita vyote hivi huitwa Omega Centauri. Kina nyota kiasi cha milioni kumi, nacho kiko mbali nasi miaka ya nuru kiasi cha 17,000. Nuru tuionayo kwake leo iliondoka huko zamani ambapo wanadamu walikuwa bado hawajajua kulima wala kujenga miji.

Sisi tukaao pwani ya Afrika ya Mashariki tumepewa fursa ambayo watu wa Ulaya ya kaskazini hawana. Wao hawakioni kichala hiki kamwe, kwa kuwa kimejificha chini ya upeo wa macho yao. Ndugu zetu walioko Maskati hukiona chini upande wa kusini. Bali sisi, katika miezi ya Mei na Juni, baada ya sala ya Isha, hukiona kimepanda juu kiasi cha nusu ya njia kutoka upeo wa bahari hadi utosini. Tazama kusini, uitafute Salibu, ile nyota nne waijuazo mabaharia wetu. Kushoto yake ziko nyota mbili kali, na iliyo mbali zaidi na Salibu ndiyo Rijili Kantori, jina lililotoka katika Kiarabu na maana yake ni mguu wa Kantori, yule mnyama wa hadithi za Wayunani aliye nusu mtu na nusu farasi. Ukipanda juu kutoka kwa hizo mbili, mahali pasipo taa za mji, utaona kama nyota yenye ukungu. Hiyo si nyota moja, bali ni nyota milioni kumi.

Waliotutangulia walikiona nini?

Batlimusi wa Iskandaria, aliyeishi katika karne ya pili ya tarehe ya miladi, alikiandika kichala hiki katika orodha yake kama nyota moja tu. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad katika karne ya 9, na kikawa msingi wa kazi kubwa ya wanafalaki wa Kiislamu. Mmoja wao, Abdur-Rahman as-Sufi, Mwajemi, hakutosheka na kunakili aliyoyasoma. Alitazama mbingu mwenyewe, akasahihisha ukali wa nuru ya nyota, na mwaka 964 akakamilisha kitabu chake cha picha za nyota zisizohama. Humo alitaja kama wingu dogo lile doa la nuru lililo katika kundi la Mara, ambalo leo huitwa galaksi ya Andromeda. Tulikumbuke wingu hilo, kwani tutalirudia.

Mwaka 1677 Mwingereza Edmond Halley, akiwa katika kisiwa cha Saint Helena kutazama nyota za kusini, alibainisha kuwa Omega Centauri haifanani na nyota nyingine, bali ni kama wingu. Hatimaye darubini zilipozidi nguvu, wingu likafunuka likawa nyota. William Herschel ndiye aliyevipa vichala vya namna hii jina la vichala vya tufe mwaka 1789, na mwanawe John, akiwa Rasi ya Tumaini Jema katika miaka ya 1830, akavitazama vile vya kusini kimoja kimoja.

Vichala vyatuonyesha tulipo

Kabla ya kueleza umri, hapana budi tueleze umbali, kwani asiyejua umbali wa taa hawezi kujua ukali wake. Taa ndogo iliyo karibu na taa kubwa iliyo mbali huonekana sawa machoni.

Ufunguo wa mlango huu ulipatikana na mwanamke, Henrietta Leavitt, aliyefanya kazi katika kituo cha nyota cha Harvard, Marekani. Kuna nyota ambazo nuru yake hupwa na kujaa kama maji ya bahari, kwa muda usiobadilika. Bibi huyu alitambua mwaka 1908, na akathibitisha mwaka 1912, kuwa nyota za aina hiyo zenye kupwa na kujaa polepole ndizo zenye nuru kali zaidi. Basi ukipima muda wa kupwa na kujaa, umejua ukali wake wa kweli. Na ukilinganisha na ukali uuonao kwa macho, umejua umbali wake.

Mwanafalaki Harlow Shapley, katika kituo cha mlima Wilson huko California, alitumia nyota zenye kupwa na kujaa kupima umbali wa vichala. Mwaka 1918 alitangaza jambo lililowashangaza wengi. Wakati ule watu wengi walidhani kuwa jua letu liko karibu na kitovu cha Njia Nyeupe. Shapley aliona kuwa vichala havikutuzunguka sisi sawasawa, bali vingi vimekusanyika upande mmoja wa mbingu, upande wa buruji ya Kausi.

Mfano wake ni mtu aliye ndani ya shamba la minazi usiku wa ukungu. Haoni ila minazi iliyo jirani yake, kwa hivyo adhani kuwa yeye yuko katikati ya shamba. Lakini walinzi wametundika kandili juu ya minara kulizunguka shamba zima, na zinaonekana juu ya ukungu. Akiona kuwa kandili nyingi ziko upande mmoja, atafahamu kuwa katikati ya shamba ni upande ule, na kwamba yeye amesimama pembeni. Ndivyo ilivyo hali yetu. Shapley aliuzidisha sana umbali, kwa sababu hakujua kuwa kuna vumbi baina ya nyota lenye kufifiza nuru. Leo twajua kuwa tuko mbali na kitovu miaka ya nuru kiasi cha 26,000. Walakini jambo lenyewe alilisema kweli.

Umri wa nyota hujulikanaje?

Nyota haina cheti cha kuzaliwa. Hata hivyo vichala vina sifa moja yenye manufaa makubwa, nayo ni kuwa nyota zake karibu zote zilizaliwa zama moja. Nyota zilizozaliwa pamoja lakini zikatofautiana kwa ukubwa ni kama saa iliyotiwa ufunguo siku moja na kuachwa iende.

Nyota huwaka kwa kuigeuza hidrojeni iliyomo kitovuni mwake kuwa heli, na hapo ndipo itokapo nuru na joto. Mtu aweza kudhani kuwa nyota kubwa yenye akiba nyingi itadumu zaidi. Mambo ni kinyume. Nyota kubwa ni kama tajiri mfujaji. Mali yake ni nyingi, lakini matumizi yake yapita mali yake. Jua letu lina akiba ya kuwaka hivi kwa muda wa miaka kiasi cha bilioni 10, nalo limekwisha kutumia bilioni 4 na nusu na ziada kidogo. Nyota yenye uzito mara kumi ya jua huangaza mara maelfu kuliko jua, nayo humaliza akiba yake katika makumi machache ya mamilioni ya miaka. Na nyota iliyo ndogo kuliko jua huenda kwa uchumi, ikadumu muda mrefu sana.

Sasa fikiri kuwa mtu amealikwa maulidi, akachelewa. Afikapo akuta karabai zote zimezimika, fanusi zinaanza kufifia, na koroboi bado zinawaka. Ikiwa ajua kila aina ya taa hudumu saa ngapi, na ajua kuwa zote ziliwashwa kwa wakati mmoja, hana haja ya kumwuliza mtu shughuli ilianza lini. Taa zinazofifia ndizo zimjulishazo.

Mwanafalaki akitazama kichala cha tufe, huona kuwa nyota zote kubwa zimekwisha zamani. Hata zile zenye uzito kama wa jua zimemaliza hidrojeni ya kitovuni. Zilizo katika kufifia sasa ni zile zenye uzito kiasi cha sehemu nane katika kumi za uzito wa jua; nazo zinavimba na kugeuka kuwa majitu mekundu. Nyota ya namna hiyo huchukua miaka bilioni 12 au 13 kufikia hali hiyo. Huo basi ndio umri wa vichala vingi.

Kuna ushahidi mwingine wa ukongwe wake. Chuma, chokaa, oksijeni na vitu vingine vingi havikuwako mwanzoni mwa ulimwengu; palikuwa na hidrojeni na heli, na chembe chache za vitu vyepesi. Vile vizito vilitengenezwa ndani ya nyota, na nyota zilipokufa vikamwagika nje na kuchanganyika na mawingu ambamo nyota nyingine zilizaliwa. Kwa hivyo nyota iliyozaliwa mapema ina chuma kidogo. Katika vichala vingi, chuma kilichomo katika nyota ni sehemu ndogo tu ya kile kilichomo katika jua, na katika vingine ni chini ya sehemu moja katika mia. Chuma cha jembe la mkulima, na chuma kilichomo katika damu ya kila mtu, vyote vilipikwa katika nyota zilizokufa kabla jua halijazaliwa.

Kesi ya kwanza

Mwaka 1929 Edwin Hubble alionyesha kuwa galaksi zinakwenda mbali na sisi, na iliyo mbali zaidi huenda kwa kasi zaidi. Ikiwa ulimwengu unatanuka, basi tukirudisha hesabu nyuma twaweza kujua ulianza kutanuka lini. Jawabu la hesabu ya wakati huo lilikuwa miaka kiasi cha bilioni 2 tu.

Na huku wataalamu wa mawe, wakipima namna madini ya urani yanavyogeuka polepole kuwa risasi, walikuwa katika miaka ya 1940 wamekwisha kupata kuwa ardhi ina umri wa zaidi ya bilioni 3. Huyo ndiye mtoto wa kwanza aliyempita mama yake. Shahidi wa mawe hakukosa, wala shahidi wa galaksi hakusema uwongo. Kilichokuwa na kasoro ni kipimo.

Aliyekigundua alikuwa Walter Baade, Mjerumani aliyehamia Marekani na kufanya kazi mlima Wilson. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, wenziwe wengi walikwenda katika kazi za vita. Yeye kwa kuwa ni raia wa nchi ya adui hakuitwa, akabaki na darubini. Taa za mji wa Los Angeles zikapunguzwa kwa kuhofia mashambulizi, na giza likawa neema kwake. Mwaka 1944 alitangaza kuwa ameona nyota mojamoja katikati ya galaksi ya Andromeda, lile wingu dogo la as-Sufi, na akabaini kuwa nyota ni za aina mbili: zile changa za buluu za ukingoni, na zile kongwe nyekundu za katikati, ambazo zafanana na nyota za vichala vya tufe.

Baada ya vita ikakamilika darubini kubwa zaidi ya mlima Palomar, yenye kioo cha upana wa mita tano. Baade alitarajia kuziona kwayo, katika Andromeda, nyota ndogo zenye kupwa na kujaa kwa nusu siku, ambazo ni nyingi mno katika vichala. Kwa umbali uliokuwa ukiaminiwa, ilipasa zionekane. Hazikuonekana. Baade hakusema kuwa darubini imeharibika, wala hakuficha jambo. Alifahamu kuwa Andromeda iko mbali zaidi, na kuwa zile nyota za kupimia umbali zilikuwa za aina mbili zilizochanganywa kama mtu anayechanganya ratili na kilo. Mwaka 1952, katika mkutano wa wanafalaki huko Roma, alitangaza kuwa umbali wa galaksi wapasa kuzidishwa mara mbili. Kwa siku moja ulimwengu ukawa mkubwa maradufu, na umri wake maradufu. Masahihisho mengine yalifuata, na ardhi ikarudi kuwa mtoto.

Kesi ya pili

Miaka arubaini ikapita, na kesi ikarudi kwa sura nyingine. Safari hii mtoto alikuwa vichala vyenyewe. Wataalamu wa nyota walipohesabu umri wake walipata bilioni 15, na wengine hata 18. Mwaka 1994 kundi la wanafalaki wakitumia darubini ya Hubble iliyo angani walitoa hesabu ya kutanuka kwa ulimwengu ambayo ilionyesha umri wa kati ya bilioni 8 na 12. Magazeti yakaandika kwa kejeli kuwa nyota zimezaliwa kabla ya ulimwengu.

Katika kesi hii mashahidi wote wawili walikuwa na la kusahihisha.

Kwanza ni upande wa nyota. Chombo cha Hipparcos, kilichorushwa na nchi za Ulaya mwaka 1989, kilipima umbali wa nyota zaidi ya 118,000 kwa usahihi usiopata kuonekana, na matokeo yake yakatolewa mwaka 1997. Vichala vyenyewe vilikuwa mbali mno kwa chombo hicho, lakini kilipima nyota kongwe chache zilizo jirani yetu, zenye uhaba wa chuma kama zile za vichala. Ikaonekana kuwa nyota hizi ni kali zaidi kuliko ilivyodhaniwa, na kwa hivyo vichala viko mbali zaidi. Sasa angalia jinsi mambo yanavyofuatana: kichala kikiwa mbali zaidi, nyota zake ni kali zaidi kwa kweli, na nyota iliyo kali zaidi hutumia akiba yake kwa haraka zaidi, basi haikuhitaji muda mrefu kufikia kuzimika. Umri ukashuka hadi kati ya bilioni 11 na 13.

Pili ni upande wa ulimwengu. Wakati ule ilidhaniwa kuwa kutanuka kwa ulimwengu kunapungua kasi daima kwa sababu ya mvutano. Mwaka 1998 makundi mawili ya wataalamu, kwa kutazama nyota zinazolipuka katika galaksi za mbali, yalikuta kuwa kutanuka kunazidi kasi. Wakuu wa kazi hiyo, Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2011. Mfano wake ni msafiri uliyemkuta njiani akienda mbio. Ukidhani kuwa alianza kwa mbio kali zaidi kisha akachoka, utasema safari yake ni ya muda mfupi. Lakini ukijua kuwa kwa muda mrefu alikuwa akienda polepole, na hizi mbio kazianza karibuni, utafahamu kuwa ametoka nyumbani mapema zaidi. Mwaka 2013 chombo cha Planck, kwa kupima mabaki ya nuru ya mwanzo kabisa, kilitoa umri wa ulimwengu kuwa bilioni 13 na milioni 800. Mama akawa mkubwa, na watoto wakatosha katika umri wake.

Shahidi wa tatu

Kadhi akipata shahidi wa tatu asiyejuana na wale wawili, moyo wake hutulia zaidi. Shahidi huyo alipatikana mwaka 2002 katika kichala kiitwacho M4, kilicho ubavuni mwa nyota nyekundu Kalbi Akarabu, yaani moyo wa Nge, umbali wa miaka ya nuru kiasi cha 6,000.

Nyota kama jua ikimaliza kila kitu, hubakia kitovu chake kidogo cheupe, kisicho na moto mpya, kinachopoa tu kama kaa lililotolewa jikoni. Anayejua kaa hupoa kwa kasi gani aweza kusema limetolewa lini. Harvey Richer wa Kanada na wenzake walielekeza darubini ya Hubble katika M4 kwa muda mrefu hata wakaona makaa yaliyofifia kupita yote yaliyokwisha kuonekana humo. Hesabu ya kupoa kwake ilitoa umri wa kati ya bilioni 12 na 13. Njia hii haina uhusiano na ile ya taa zinazozimika, wala na ile ya galaksi zinazokimbia, na jawabu ni moja.

Habari za karibuni

Kazi haikusimama hapo. Chombo cha Gaia, kilichorushwa mwaka 2013 na kumaliza kazi yake ya kutazama mnamo Januari 2025, kilipima mahali na mwendo wa nyota zaidi ya bilioni moja. Kwa vipimo vyake ilibainika mwaka 2018 kuwa galaksi yetu iliimeza galaksi nyingine ndogo miaka kiasi cha bilioni 10 iliyopita, na sehemu ya vichala tuvionavyo ni wageni waliokuja pamoja nayo. Omega Centauri nacho, wanafalaki wengi huona kuwa ni kitovu kilichobakia cha galaksi iliyovuliwa nyota zake za nje. Mwaka 2024 ilitangazwa kuwa nyota saba katikati yake zinakwenda kwa kasi ambayo isingewezekana ila pawe na shimo jeusi lenye uzito wa majua 8,200 au zaidi.

Mwaka huohuo wa 2024, darubini ya James Webb ilituonyesha jambo lililofurahisha zaidi. Katika galaksi iliyo mbali mno, ambayo nuru yake ilianza safari ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka milioni 460 tu, viliona vioo vyake vichala vitano vichanga, vidogo na vilivyosongamana. Wale wazee tuwaonao juu ya bahari yetu, hapo wameonekana mfano wao wakiwa wachanga.

Faida ya habari hii

Huenda kijana akauliza: umri wa nyota wanifaa nini mimi, nami nina ada ya shule na ndugu wa kulea? Jawabu ni kuwa haikupunguzii ada, lakini yakufunza namna ya kuhukumu. Siku hizi habari zatufikia kutoka kila upande, na nyingi zapingana. Mwenye pupa hushika moja na kulitukana la pili. Mvivu hutupa yote mawili na kusema kuwa elimu yote ni dhana. Waliotafuta umri wa ulimwengu hawakufanya hili wala lile. Hawakuficha kuwa hesabu zimegongana; walirudi kwenye kipimo chao, wakakipima kipimo chenyewe. Baade alipokosa kuona alichotarajia, aliifanya ile kutoona kuwa ni hoja, na kwa hoja hiyo ulimwengu ukapanuka.

Wala msidhani kuwa mjadala umekwisha kabisa. Kasi ya kutanuka kwa ulimwengu ikipimwa kwa nyota zenye kupwa na kujaa hutoka tofauti kidogo na ile ipatikanayo kwa nuru ya mwanzo, na hivi leo wataalamu wangali wakitafuta tofauti hiyo imetoka wapi. Huenda atakayeikata kesi hii ya tatu yuko darasani sasa, Lamu au Tanga au Unguja, akijifunza hesabu zake za sehemu. Wazazi wake wasimzuie kutoka nje usiku mmoja wa Mei akaitazama Salibu, kisha akapandisha macho kidogo.